Ya 2004 na ya 2007

Mutoto yangu Josias alinitilia telefone mu mukono asubui, niko nakunywa chai mbele ya nyumba, hapa mu mutaa ya Saio.

"Papa, angalia. Gari mbili ya mbio, aina moja. Hii ya 2004, hii ya 2007. Chagua."

Nikaangalia. Zote nyekundu, zote milango mbili, zote zimelala chini kama bata ku mayai.

"Hizi si mapacha?"

Muke yake, Marcelline, akacheka kule ku mbabula ya makala. "Mapacha, Papa! Ya 2007 mataa yake iko nyembamba, kama mutu anasinzia mu misa. Ya 2004 imetoa macho kama chura."

"Mama Plamedie, weye unajua nini ya gari?" Josias akamurudilia, anamwita kwa jina ya mutoto yao. "2007 iko na vitesse, gia sita nzima!"

"Sita utazitia wapi? Mu barabara ya Nyakasanza, kati ya shimo na shimo?"

"Bibi-arusi haangalie shimo. Anaangalia gari."

Maana ndiyo ilikuwa mawazo yake, kukodisha gari ku maarusi. Sawa. Lakini mwenye gari hizo, Tharcisse wa Mahagi, hataki feza, anataka tubadilishane na fuso yetu, lori ya mizigo. Na ile fuso, yangu wee, ndiyo inaleta maharagi, inaleta samaki ya ziwa, inalisha siye hapa na dada ya Josias, Annette, mwenye kufiwa na bwana, na watoto yake. Gari ya mbio itabeba nini? Bibi-arusi moja, na nusu ya nguo yake itabakia inje.

Lakini nitasema nini? Tangu siku watu ya bunduki walimushusha Josias mu njia ya Mahagi, wakamulalisha mu matope, hapendi tena kushika volant, usukani ya fuso. Kila safari anatapika kabla ya kutoka. Namusikia kule nyuma ya nyumba.

Basi nikasema mu moyo nitauliza juu ya fuso. Halafu wakaendelea kubishana, na mutu muzee akiulizwa kitu, unajua, anafurahi. Nikaonyesha ile ubao imelala juu ya mukia ya 2007.

"Na hii ni ya kuanikia muhogo?"

Wakacheka, hata Josias. Ilipita siku mingi sijasikia kicheko yake. Utamu ikanipanda.

"Hii ya 2007 tumbo inagusa udongo," nikasema. "Ya 2004 iko juu kidogo. Kama ni kuchagua, ile chura."

Mulango ikafungika hapo. Kwetu, muzee akichagua, amekubali. Marcelline akaleta mbio kikombe ya maji. Unatia mu kinywa, unamutemea mutoto ku kifua, ndiyo baraka, neno imeisha. Ukimeza, umemukatala, na kama anapata hatari mu njia, watasema ni weye.

Maji iko mu kinywa ndio fuso inanirudilia mu kichwa. Nataka kusema. Nitasema namna gani, mashavu imejaa? Josias amepiga magoti, amefungua shati, anafunga macho kama mutoto ya komunyo. Na nikaona ingine: kwa kuipata hiyo gari, lazima aipeleke fuso mwenyewe, mu njia ile ile ya Mahagi. Moyo yake inapiga, naiona ku shingo.

Nikatema.

"Aksanti, Papa." Akajipanguza na mukono, akapanda mu fuso, akatoka.

Annette akakuja na kitunga yake, akakuta ni alama ya magurudumu ya fuso tu mu lupango ya nyumba. "Papa, samaki ya juma ijayo italetwa na nani?"

Nikamupa kiti.

Tangu pale namupigia Josias, telefone haipite. Angekuwa amesha kufika Mahagi.

"Ni rezo, Papa, mutandao iko mbaya," Marcelline ananiambia, anachambua maharagi bila kuinua kichwa.

"Ni rezo," namujibu. Napiga tena.