Jina Juu ya Meza ya Machteld

Jumanne asubuhi, mjini Delft, Machteld alisogeza meza karibu na dirisha, akapanga limau lililomenywa nusu, samaki wa chumvi na bakuli la Kichina, akaanza kuchora. Mumewe alikuwa na miezi mitano kaburini. Chama cha wachoraji kilimruhusu mjane kuuza picha alizoacha marehemu. Picha mpya lazima iwe na jina la mwanachama. Machteld alitaka hii iwe na lake. Wazee wa chama wakiikubali, karakana ya mumewe inabaki yake. Wakikataa, inakwenda kwa shemeji yake, Cornelis, aliyekuwa mwanachama.

Ijumaa, mtu wa buluu aliyechorwa kwenye bakuli alihamia kwenye picha. Kimo chake kidole kimoja, na hatulii: anazunguka limau, anarudi, anachungulia chini ya sahani. Machteld akampaka kivuli, kama vitu vyote vya mezani. Yule mtu akajikwaa.

"Mama, kinachonifuata hiki nini?"

"Kivuli chako."

"Kwetu hatuchorwi navyo. Kizito! Kitoe."

Akakitoa.

"Nani alikuchora?"

"Fundi mmoja, macho mekundu kwa moshi wa tanuri. Hakuruhusiwa kuandika jina."

Machteld akachovya brashi, akaandika jina lake mwenyewe ukingoni mwa meza ya pichani.

Jumamosi adhuhuri akaja Cornelis. "Kazi ya kiume hii, shemeji."

"Wanaume gani? Hawa wanaoamka saa hizi?"

Cornelis akacheka, akalikwangua jina la Machteld kwa kisu, akaandika lake. "Unataka wazee waitupe?"

Jumapili Machteld aliporudi kutoka kanisani, jina la Cornelis halikuwepo. Mtu wa buluu alikuwa akikung'uta mkono wa kanzu uliojaa rangi nyeusi. Jumatatu Cornelis akaandika tena, Jumanne limefutwa.

"Mwambie Mchina wako aache utundu."

"Mwambie mwenyewe, si huyo mbele yako?"

Jumatano Cornelis akaandika juu kabisa, kwenye ukuta uliochorwa nyuma ya meza, mahali ambapo mtu wa kimo cha kidole hafiki.

Wazee wakaipitisha, wakausifu mkono wa Cornelis. Jioni ile akabadilisha kufuli la karakana. Brashi na rangi zikabaki ndani.

Machteld aliitazama picha kupitia kioo cha dirisha. Mtu wa buluu alikuwa akirukaruka chini ya lile jina, mkono juu. Kigoda tu, Machteld aliwaza. Angemchorea kigoda kimoja tu.