Ukuta wa Upande wa Mama Pindo

Fundi seremala alipima chumba mara mbili, akaikunja futi yake na kusema meza haitaingia. Ilikuwa asubuhi, madirisha yako wazi, na ndoo za rangi zimepangwa katikati ya sakafu juu ya magazeti ya zamani. Mchapaji wa vitambaa alikuwa amefanya kazi jikoni kwake miaka mingi, mpaka wanawe wakazoea wali wenye harufu ya rangi. Hii ndiyo ilikuwa studio yake ya kwanza. Aliipaka chokaa kwa mkono wake, na alitaka meza ndefu ya kutandaza kitambaa kizima bila kukikunja.

"Imezidi shubiri moja tu," seremala alisema. "Nitaikata."

"Ukiikata haitanifaa. Laiti ukuta huu ungesogea kidogo."

Aliyasema hayo vile watu wanavyosema tu, kiganja chake kikiwa kwenye ukuta wa kushoto.

Kesho yake seremala alileta meza aliyokwisha kuikata. Pembeni yake ikabaki nafasi ya kupita mtu. Alipima tena.

"Chumba kimekua," akasema, akiisikitikia mbao aliyoipoteza. "Mngeniambia mapema."

Hajamaliza kukaza miguu ya meza, hodi ikapigwa. Alikuwa jirani wa kushoto, mjane ambaye watu walimwita Mama Pindo kwa kuwa yeye ndiye aliyepinda sare na suruali za mtaa mzima.

"Samahani, mwanangu," alimwambia mchapaji. "Kabati langu limesukumwa mpaka mlangoni. Hapa nimetoka kwa ubavu. Njooni mnisaidie kulivuta."

Wakaenda. Kwa Mama Pindo ukuta ulikuwa umeingia ndani kwa kiasi kilekile ulichotoka studio. Picha ya marehemu mumewe ilikuwa bado kwenye msumari wake, haikupinda hata kidogo. Walilivuta kabati, mchapaji akitazama sakafu.

"Mama, ni mimi niliyesema."

"Ulisema nini?"

"Kwamba laiti ukuta ungesogea."

Mama Pindo aliufuta ukuta vumbi kwa kitambaa. "Basi umekusikia. Ujirani si ndio kusogeleana?" Akacheka, seremala akacheka naye.

Mwenye nyumba aliitwa. Alikuja na funguo zake zote kiunoni, akaugonga ukuta kama mtu anayechagua tikitimaji, akatangaza kuwa hauna ufa.

"Mimi nakodisha vyumba," alisema. "Sikodishi vipimo."

Akamsifu mchapaji kwa usafi wake, akaenda zake.

Kazi ya kuandaa studio ikaendelea. Ilitakiwa sehemu ya kuanikia, na sehemu ya mihuri ya mbao na makopo ya rangi. Mdogo wake mchapaji, ambaye ndiye aliyepiga picha za vitambaa vya kuuza mtandaoni, alining'iniza karatasi nyeupe kwenye kona yenye mwanga.

"Dada," alisema, "hapa sina pa kurudi nyuma na kamera."

Kulipokucha akawa na pa kurudi nyuma. Rafu zilipohitajika, nafasi ya rafu ilikuwepo. Na kila mara, kule upande wa pili, Mama Pindo alitoa kitu nje kwenye korido. Lilitoka kabati, vikatoka viti, kisha kitanda, ambacho seremala alikipunguza upana mpaka kikawa kama benchi. Mbao zilizosalia akazitumia kwenye rafu za studio. Zilikuwa mbao nzuri za zamani.

Mchapaji alikosa raha. Siku moja alimwendea Mama Pindo, wakakaa chumbani kwake juu ya benchi lile, magoti yao yakigusa ukuta.

"Mama, hamia kwangu. Studio ni kubwa sasa."

"Ni kubwa kwa sababu mimi niko huku."

"Utalala pazuri."

"Kwako nitakuwa mgeni. Humu nimezalia, na humu nimefiwa." Mama Pindo alimpapasa mgongo. "Sikulaumu, mwanangu. Ila usiseme tena."

"Sitasema."

Na kweli hakusema. Alimkataza na mdogo wake pia. Walipogongana viwiko mezani walinyamaza, kila mtu akazunguka kivyake. Ukuta ukatulia. Mama Pindo akashona pazia jipya la dirisha, dogo, kwa kuwa dirisha lilikuwa limebaki nusu.

Ndipo hoteli moja ikaagiza mapazia ya vyumba vyake vyote, kazi ambayo mtu huiombea dua maisha yake mazima. Msimamizi wa hoteli alitaka kila pazia lichapwe kwa mpigo mmoja, toka juu hadi chini, bila kiungo. Baada ya kumsindikiza, mchapaji alisimama kwenye ncha ya meza akatazama pale ilipoishia. Hakufungua mdomo. Alisimama vile hadi mdogo wake alipomshika mkono na kumtoa nje.

"Sijasema kitu," mchapaji alisema.

"Najua, dada."

Asubuhi studio ilikuwa pana kama ukumbi wa harusi. Kule koridoni, mlango wa Mama Pindo ulikuwa umebaki ufa wa kupitisha bahasha.

Mchapaji aliuwekea sikio. "Mama, upo?"

"Nipo."

"Unaumia?"

"Siumii. Nimekuwa mwembamba tu. Niletee uzi mweupe, wangu umeisha."

Mwanawe Mama Pindo alikuja kutoka mji mwingine, akazungumza na mama yake mdomo wake ukiwa ufani. Alimsihi atoke. Mama akamuuliza atoke vipi. Kijana akaenda kwa mwenye nyumba, naye akamweleza kwa upole kwamba ukuta haubomoleki bila kumuumiza aliyemo, na kwamba kwa upande wake chumba cha mama bado kipo, hajampa mtu mwingine. Kijana alikaa koridoni mpaka jioni, akaondoka na kabati.

Meza ikarefushwa, mapazia yakachapwa, sasa yalitaka kupindwa. Mchapaji alishinda na aibu yake siku nzima, kisha akalipitisha la kwanza ufani. Lilirudi limepindwa, mishono midogo, imenyooka. Mkono uliolisukuma ulikuwa bapa, kama mkono wa shati lililopigwa pasi. Mchapaji aliushika. Ulikuwa na joto. Akauachia, akapitisha pazia la pili.

Siku ya kufungua studio walialikwa ndugu, majirani na wateja. Msimamizi wa hoteli alipita akiyagusa mapazia, akayasifia mapindo kuliko rangi. Mtu akakohoa ndani ya ukuta. Msimamizi akauliza ni nani.

"Jirani," mchapaji alijibu.

Msimamizi aliitikia kwa kichwa. Akasema hoteli ingependa na vitambaa vya meza, na mashuka pia, ikiwa watapata mahali pa kuweka meza ya pili.

Mchapaji aliutazama ukuta wa kulia. Mdogo wake aliinamia glasi yake. Chumba cha upande huo waliishi dereva wa lori na mkewe, waliojaliwa mtoto wao wa kwanza mwezi uleule. Wageni waliendelea kunywa soda. Kutoka nyuma ya ukuta ule wakasikia kitanda kikianza kuburutwa taratibu, kisha sauti ya mwanamke akimwambia mumewe, "Mtoe mtoto kwanza. Kitanda baadaye."