Nyama Hailazwi Majini

Muuza nyama ambaye mtaa mzima ulimwita Kisu alijua namna moja tu ya kumpenda mkewe: kumwekea ini. Kila jioni alirudi na kipande kimefungwa gazetini. Mkewe alipoanza kuisukuma sahani pembeni, akisema ameshiba kabla hata hajaonja, Kisu alijua nyumbani kumeingia jambo.

Hospitalini walimpitisha mrija kooni, wakanyofoa vipande vya tumbo vidogo kama chenga za mchele. Saratani, daktari akasema, ila haijulikani kama imetulia au imeshaanza kutambaa. Ikiwa imetulia, wangemkata ile sehemu, na kupona kungewezekana.

"Ndani ya kila chembe ya mwili kuna maagizo," akaeleza. "Mengine yamenyamaza, mengine yameamka. Maabara ya mji wa pili watasoma yaliyoamka, watuambie ugonjwa umefika wapi."

Gari la hospitali lilikuwa bovu, basi Kisu akavibeba vile vipande mwenyewe. Muuguzi alimpa kichupa ndani ya kikasha cha barafu. "Baba, kisipate joto tu."

Aliposhuka stendi, barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka. Akanunua nyingine, akakiinua kichupa kwenye mwanga. Vile vipande vya mkewe vilikuwa vikielea majini. Moyo ukamwuma. Marehemu baba yake, aliyemfundisha kazi, alikuwa akisema nyama ikilala majini inaoza, hata uiweke kwenye friji. Kisu akayamwaga maji yale mtaroni. Akavikausha vipande kimoja kimoja kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, akavirudisha, akakaza kifuniko, akakizika kichupa kwenye barafu mpya. Kwenye dirisha la maabara alikikabidhi kifua mbele, kama mtu aliyeleta zawadi.

Majibu yalikawia. Yalipokuja, daktari alimwita peke yake.

"Hakuna kilichosomeka. Baba, ile dawa ilikwenda wapi?"

"Dawa ipi?"

"Ya kichupani. Ndiyo iliyokuwa ikiyashikilia yale maagizo. Vipande vikikaa bila yake, yanapotea."

"Mimi nilidhani maji."

Daktari akavua miwani, akayasugua macho. Hakumgombeza. Laiti angemgombeza. "Tutachukua vingine," alisema.

Lakini safari hii mrija haukupita. Njia ilikuwa imeziba, na tumbo la mama wa watu limevimba, macho yamegeuka manjano. "Sasa hatuhitaji maabara ya kutuambia," daktari akasema kwa sauti ya chini. Kisu akamwuliza kama wangejua mapema ingekuwaje. "Pengine," daktari akajibu, na lile pengine Kisu akarudi nalo nyumbani.

Hakumficha mkewe.

"Ukanikausha?" mkewe akauliza. "Kwa kitambaa kipi?"

"Kile cheupe. Ulichonipigia pasi."

"Basi angalau nilikwenda msafi, mume wangu." Akacheka, kicheko kikageuka kichefuchefu, Kisu akamshikia beseni. Hakikutoka kitu ila mate.

Asubuhi alifungua bucha kwa mazoea. Mama jirani akaja, akaelekeza kidole kwenye paja lililoning'inia.

"Kisu, nikatie nusu kilo. Na uikaushe, naona ina maji."

Akakata. Akachukua kitambaa, akasimama nacho mkononi.

"Kisu? Umelala?"

Akakiweka juu ya meza, akamsogezea.

"Ikaushe mwenyewe, mama," akasema. "Mimi sijui kazi hiyo."