Shupaza Moja

Muhonja alizitazama karata zake akatamani zingekuwa mbovu. Zilikuwa nzuri mno: shupaza sita, kingi na malkia wakiongoza. Mcheza briji yeyote angechangamka.

Ng'ambo ya meza alikaa mumewe, Joash Lusweti, aliyefundisha ufugaji katika chuo cha kilimo kule Bukura hadi alipostaafu, kabla kiharusi hakijampokonya maneno yote. Mkono wake wa kulia haukuwa na kazi tena, kwa hiyo karata zake zilisimama kwenye kibao ambacho rafiki yao Oduor alimchongeshea kwa fundi wa Lubao. Oduor alikaa kushoto kwa Muhonja. Kulia alikaa Mitchel, binti yao, aliyetoka Eldoret kwa jambo moja tu: kuamua kama baba yake ahamie kwenye nyumba ya wazee huko Eldoret au abaki hapa nyumbani Amalemba na mkewe.

"Baba yako yupo," Muhonja alikuwa akimwambia kwenye simu mwaka mzima. "Anacheza briji. Mtu anayecheza briji atakosaje akili?"

"Basi nakuja tucheze," Mitchel alijibu siku moja, na hapo Muhonja akajuta kuufungua mdomo wake.

Asiyeujua mchezo huu ajue hivi. Wawili hucheza dhidi ya wawili, na kabla karata haijatupwa kuna mnada. Zamu yako ikifika, unaahidi utashinda mizunguko mingapi juu ya sita na kwa rangi gani: shupaza, kopa, uru au pau; usipotaka, unapita. Hakuna kusema lolote. Kila mtu ana kisanduku chake cha kadi za mnada, anachomoa moja na kuilaza mezani. Kukohoa, kukonyeza, hata kumwangalia mwenzako sana ni wizi. Ndiyo maana mtu aliyepoteza ulimi aliweza kuketi kwenye meza hii akawa sawa na wenzake, na Muhonja akaling'ang'ania jambo hilo kwa meno.

Na Joash alijua kupita, jamani! Kila Ijumaa, wakicheza na Oduor na jirani mmoja, alichomoa kadi ya kijani, Pasi, akailaza kwa utulivu wake ule wa darasani. Joash akiwa na karata mbovu, Muhonja alisema mzee ana busara. Akiwa na karata nzuri, alisema mzee anatega. Lakini Muhonja mwenyewe hakunadi. Ukinadi, mwenzako inambidi akujibu, na yeye hakuthubutu kumuuliza mumewe swali lolote. Akapita, mumewe akapita, wakaenda hivyo wiki baada ya wiki, naye akaliita hilo mchezo.

Sasa Mitchel alikuwa amefungua mnada: Kopa Moja.

"Mama, mbona haunadingi siku hizi?" alikuwa ameuliza tangu chai ya kwanza. "Baba alikuwanga anakuitanga simba."

"Karata hazinijii, mwanangu."

Safari hii zilikuwa zimemjia. Akipita, mchezo ukiisha Mitchel ataziona hizo shupaza, naye alifundishwa briji na baba huyo huyo kabla hajajua kusuka nywele. Ataelewa papo hapo kwamba mama anaficha hali ya baba. Akinadi, Joash ataulizwa mbele ya watu. Mvua ya alasiri ilianza kugonga mabati. Oduor aliipanga upya mikono yake mezani, mtu mpole asiyependa kumharakisha mtu.

Muhonja alichomoa kadi. Shupaza Moja.

Oduor alipita. Zamu ikamfikia Joash.

Hapo Muhonja alifanya jambo ambalo mumewe aliwahi kumnunia kwalo wiki nzima: alimwangalia. Alimkodolea macho bila haya, akimsihi, akimvuta, sema kitu, Baba Mitchel, chochote, hata kama ni kosa. Oduor aliona wizi ule akageuza uso akatazama dirishani. Mitchel naye aliona.

Joash alimtabasamia mkewe. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye kisanduku, ukasita, ukachukua kadi iliyokuwa mbele kabisa, pale zinapokaa za kijani. Pasi.

Mitchel alipita pia, kwa sauti, akisahau kadi. Mnada ulikwisha, na kwa kuwa Muhonja ndiye aliyeushinda, karata za mwenzake zilipaswa kulazwa wazi mezani. Joash hakuzigusa. Mitchel aliinuka akamlazia: shupaza nne pamoja na ree, karata kubwa kuliko zote, bila kopa hata moja, ree ya uru, kingi ya pau. Joash yule wa zamani angeruka hadi Shupaza Nne kabla kikombe chake hakijagusa meza. Hata mwanafunzi angepandisha.

"Pengine anatega," Oduor alisema polepole.

"Ananitega mimi, shemeji? Mimi mwenzake?"

Joash, akiwa bado anatabasamu, alichomoa kadi nyingine ya kijani akailaza kando ya ile ya kwanza. Kisha nyingine. Alizipanga zikae sawasawa, akizinyoosha kwa kidole, na kila alipolaza moja alimtazama mkewe kuona kama ameridhika. Muhonja alizikumbuka Ijumaa zote alizokuwa akimsifu. Alikuwa peke yake kwenye meza hii kwa muda wote huo, na uchungu wake ulikuwa mkali kiasi kwamba alishindwa hata kulia.

Kadi za kijani ziliisha. Joash aliendelea kupapasa mahali zilipokuwa.

Muhonja alizunguka meza, akaushika ule mkono akaufunga ndani ya mikono yake.

"Mitchel," alisema, "kule Eldoret wanaruhusu mke alale?"

"Hapana, Mama."

Muhonja aliitikia kwa kichwa, akikubali hivyo hivyo. Akamwomba Oduor asogeze kiti, ili ampeleke mzee chooni.