Chupa Isiyotakata

Mwanga ulipaswa kuwa wa bluu. Miwani, mtafiti kijana niliyempa jina hilo kwa vioo vyake vinene, alikuwa ameshusha mapazia, akawasha ile taa yake ya zambarau, na kimiminika kilichotulia ndani ya chupa kama maji ya mchele kikawaka rangi ya chungwa lililoiva.

Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeokota kitu njiani na bado anaangalia nyuma.

"Dada, njoo uone. Sijatia kitu humu. Hata chembe."

Nilisogea, mikono ingali na povu. Nikauona mwanga, nikaiona na shingo ya chupa, ina kivuli chembamba cha kahawia. Nilikijua kivuli kile.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa pili nikiosha vyombo katika maabara ile. Mama mdogo ndiye aliyenitafutia kazi, kisha akarudi zake kwao, akaniachia ufunguo na chumba chenye dirisha moja. Shule niliishia darasa la saba. Watu wa maabara hawakuwa wabaya. Walinipita tu, kama unavyoipita ndoo ukutani. Kuna wiki ambazo sauti yangu mwenyewe niliisikia Jumamosi, nikiomba sabuni dukani.

Miwani pekee ndiye aliyeniita. "Mama Vyupa, sinema imeanza," alikuwa akisema, nami nasimama kando yake gizani. Alinieleza bila kunidharau: zile ni punje za zinki na salfa, ndogo kiasi kwamba jicho halina habari nazo. Zikiwa tupu hutoa bluu hafifu. Ukipenyeza manganizi, madini mengine, kidogo ndani yake, nguvu ya taa huikimbilia hiyo, na mwanga unaotoka ni wa chungwa.

"Na ukizidisha?" nilimwuliza siku moja.

"Chembe za manganizi zinabanana, zinaibiana nguvu, mwanga unakufa."

"Kumbe kama wapangaji na mita moja ya umeme."

Alicheka hadi akavua miwani. Kicheko kile nilikwenda nacho chumbani, nikakaa nacho wiki nzima.

Sasa, manganizi ina tabia yake. Huacha kivuli cha kahawia kwenye kioo, na kivuli hicho sabuni haikiwezi. Ni asidi tu. Asubuhi ya Jumatatu ile ya mwanga wa chungwa, asidi ilikuwa imekwisha. Karatasi ya ukutani ilisema wazi: asidi ikikosekana, chupa iwekwe kando. Lakini Miwani alikuwa amesimama mlangoni akinisubiri, na niliona nikimwambia hakuna, ataenda kuazima kwenye meza nyingine, azoee huko. Nikasugua kwa sabuni na maji ya moto, nikampa.

Kufikia Jumatano alikuwa amerudia mara mbili, katika chupa ileile, maana ndiyo iliyompa bahati. Mara ya pili rangi ilififia. Akasema ni joto la chumba. Watu ambao hata salamu yake walikuwa hawaiitikii wakaja kumpiga begani, na mkuu wa maabara akampangia Ijumaa asimame mbele ya wageni aeleze jinsi punje tupu zinavyowaka chungwa.

"Hili likipita, Mama Vyupa, hata mama ataacha kuniuliza ninaoa lini."

Nilicheka. Nikageukia sinki.

Nikisema, kazi sina, na wa kuniita sina. Nisiposema, ataumbuka mchana kweupe, mbele ya watu wanaoijua kazi hiyo kumshinda yeye. Nililala na hayo mawili kwa siku tatu. Alhamisi asidi ikaletwa. Nikaingia chumbani kwake, nikarudisha mlango.

"Kaka, ile chupa sikuiosha kwa asidi."

"Ipi?"

"Hiyo ya chungwa. Ilikuwa imetoka kubeba manganizi, na asidi ilikuwa imekwisha."

"Tangu Jumatatu unajua?"

"Tangu Jumatatu."

Hakufoka. Angefoka ningeshukuru. Aliitia chupa asidi mwenyewe, tukaitazama ile kahawia ikiachia polepole kwenye kioo. Akapika punje upya. Ilichukua saa mbili nzima. Mapazia yakashuka, taa ikawaka.

Bluu. Hafifu, tulivu, bila doa.

"Umeniokoa," alisema, mgongo ukiwa kwangu.

Ijumaa aliwaambia wageni kwamba chombo hakikuwa safi. Hakumtaja aliyekiosha. Wageni walitikisa vichwa kwa adabu, wakasogea meza ya pili.

Jumatatu iliyofuata niliwahi kufika. Chupa za Miwani alikuwa ameshaziosha mwenyewe, zimepinduliwa kwenye rafu, bado zinachuruzika. Niliinua moja kuelekea dirishani, nikaizungusha. Ilikuwa imetakata kuliko nilivyowahi kuitakatisha mimi. Nikairudisha taratibu, nisiache alama ya kidole, nikavaa glavu, nikaanza na vyombo vya wengine.