Nyonga za Mama Bibi Harusi

Duka la kushonea la Shangazi lilijaa watu kama kawaida, na nusu yao hawakuwa na nguo ya kuchukua. Walifuata umbea tu. Mama bibi harusi alikalia kiti kizuri, hariri yake imetandazwa mezani. Ilikuwa kipande cha mwisho, huko ilikonunuliwa imeisha.

Pembeni, na kompyuta mapajani, alikaa binti wa kaka yake Shangazi, ambaye wateja walimbatiza Profesa. Alikuwa anajifunza kuandika programu, na ya kwanza ilikuwa hii ya kutunza vipimo vya wateja. Shangazi aliikubali shingo upande.

"Ikiniharibia nguo moja tu, inarudi nyumbani, na wewe unarudi kushona vifungo."

Sasa alishika chaki. "Haya, soma."

"Kifua mia na nne. Kiuno tisini na mbili. Nyonga tisini na mbili."

Mama bibi harusi akaruka kitini. "Mmesikia? Na mlisema sijapungua!"

"Hujapungua, umenyooka kama bomba," akajibu jirani muuza viatu, na duka zima likaangua kicheko.

Shangazi akachora. Profesa hakucheka. Alifungua mteja mwingine, kisha mwingine. Nyonga sawa na kiuno, wote.

Akaenda kwenye konstrakta, kile kipande cha programu kinachopokea vipimo vya mteja mpya na kukiweka kila kimoja mahali pake. Kila kipimo alikuwa amekitaja juu, akakirudia ndani ya mabano, akakiandikia tena mstari wake chini. Alipochoka kuandika, alinakili mstari wa kiuno, akaubandika, akabadilisha jina upande mmoja na kusahau wa pili. Nyonga ikawa inajazwa kiuno.

Angeweza kunyamaza na kusingizia utepe wa kupimia. Mkasi ukafunguka.

"Shangazi, usikate!"

Mkasi ukasimama.

"Nyonga si zenyewe. Nimekosea mimi kwenye programu."

"Kwa hiyo sijapungua?" akauliza mama bibi harusi kwa unyonge.

Binamu yake Profesa, aliyeajiriwa kuandika programu na siku hiyo alifuata suruali tu, akachungulia. "Dada, mbona unajitesa? Futa majina ya juu na mistari yote ya chini. Kwenye mabano, tanguliza neno public kwa kila kipimo. Lugha ya programu yenyewe itakitengea nafasi na kuijaza."

"Nifute yote?"

"Futa. Unabaki kukitaja kila kipimo mara moja."

Akafuta. Ukurasa ukabaki mweupe kiasi cha kumtia wasiwasi.

Shangazi akampima mteja upya, akamnong'oneza Profesa namba. Profesa akaziingiza, akafungua rekodi ya mteja, na kumgeuzia kioo cha kompyuta. Shangazi akatazama nyonga, akatazama utepe, akatazama tena nyonga.

"Ongeza na upana wa bega. Hapahapa, nikiona."

Profesa akaongeza mahali pamoja tu, ndani ya mabano. Bega likatokea.

Shangazi akafuta chaki ya zamani kwa kitambaa chenye maji, akachora upya, akakata.

"Ibaki," akasema bila kuinua macho. "Ila wote uliowageuza bomba, uwapigie wewe waje kupimwa. Na nyonga za watu usizisome tena kwa sauti."

"Zangu mngeziacha zile za kwanza," akasema mama bibi harusi.