Misumari ya Inchi Tatu

Jumanne, saa nne asubuhi, seremala alikuwa akipigilia mguu wa kitanda. Akaona misumari miwili palipokuwa na mmoja, akajitwanga kidole gumba. Kichwa kilikuwa kikimgonga wiki ya tatu sasa. Aliinama akatapika kwenye maranda, na msumari wa kwanza ukamtoka juu ya nyusi. Wa inchi tatu, mpya kabisa.

Kaka mtu, mwenye karakana, aliung'oa kwa koleo. Damu ikaruka hadi kwenye mlango uliokuwa ukisubiri vanishi.

"Pole, mdogo wangu," alisema, akauweka kwenye kopo. Mzima ule, wa nini kuutupa?

Kufikia Alhamisi shingo ilikuwa imekakamaa kama ubao, hataki mwanga, mkewe hamjui. Hospitali walimfunga kamba kitandani, maana alimng'ata nesi mkono na kumpiga kaka mtu teke la meno. Nyundo ya kichwani mwake ilisikika hadi dirisha la dawa. Wagonjwa wengine waliomba ahamishwe, wapate usingizi.

"Dawa za virusi vya UKIMWI aliacha?" daktari aliuliza.

"Alinenepa, akajiona amepona," mkewe alisema.

"Basi kuvu imeingia kwenye ubongo. Maji yamejaa kichwani, yanasukuma. Tuyatoe kwa sindano ya mgongo, leo na kila siku, pamoja na dawa. Tukichelewa anakufa."

Mke alinyoosha mkono apokee fomu. Kaka mtu akaiwahi. Pale hospitali fomu ya sindano ilisainiwa na mwanamume mkubwa wa ukoo. Mke alisaini ya kupokea shuka.

"Sindano ya mgongo? Thubutu! Kila aliyechomwa hiyo katoka hapa kafunikwa."

"Wanachomwa wameshachelewa, shemeji. Nakupigia magoti, saini."

"Huyu ni damu yangu. Simuui."

Alimpenda mdogo wake, hilo halina ubishi. Siku tatu alikaa naye akimng'oa misumari, ishirini, arobaini, hadi koleo likawa linateleza kwa damu. Jumapili degedege lilimkunja mgonjwa kinyumenyume, kamba zikakatika, akalivamia dirisha na kulipasua kwa paji la uso. Akafia juu ya vioo. Nesi alileta ufagio.

Kaka mtu alitengeneza jeneza mwenyewe, kwa misumari ya kopo. Ilitosha kabisa. Kugonga kuliendelea kutoka ndani, ncha zikachomoza kwenye kifuniko, na wabebaji wakaambiwa washikie chini.

Siku ya nne baada ya mazishi jirani aliingia karakanani. Dada yake kichwa kinamuuma, shingo haigeuki, na hospitali wanataka kumchoma mgongoni.

"Kataa," kaka mtu alisema. "Mimi wangu sikukubali achomwe."

"Na wako yuko wapi?" mjane aliuliza kutoka mlangoni, alikokuja kuchukua vifaa vya mumewe, akamrushia nyundo. Ilimvunja mfupa wa bega.

Kaka mtu aliketi kwenye benchi, akafikiri kidogo. Kisha akanyoosha mkono uliobaki mzima, akachukua koleo ukutani, akampa jirani.

"Utalirudisha," alisema.